Mama wa Ujiji anapanda ndege kwa mara ya kwanza: saa 16 kutoka Doha hadi Houston atazimalizaje?

Mtoto wa Kibirizi (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Nipo Kigoma mjini na nina jambo la mama, kwa hiyo naomba tulijadili kwa uzito.

Dada yangu anaishi Houston, Texas, na amejifungua mtoto wake wa kwanza. Mama anakwenda kukaa naye na kumsaidia ulezi. Viza imetoka na tiketi imekatwa ya Januari. Kigoma hadi Dar, halafu Dar hadi Doha takriban saa 6, halafu Doha hadi Houston takriban saa 16 bila kutua popote. Mama ana miaka sitini na kitu, ana presha anayoitumia dawa kila siku, na Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu. Hajawahi kupanda ndege hata ya kwenda Tabora.

Nilidhani ataogopa kupaa. Wala! Swali lake ni moja tu: "Mwanangu, saa kumi na sita nimekaa na mkanda kiunoni, nitakuwa nafanya nini?" Mama yangu ni mtu wa kazi. Maisha yake yote ameuza dagaa na mawese, akipanda treni na mzigo wake hadi Dar na kurudi. Hata leo akikosa shughuli atatafuta mchele wa kuchambua. Muvi hazimvutii. Simu anaitumia kupiga na kusikiliza voisi za WhatsApp. Kusoma anasoma, Qurani na Kiswahili, ila macho yanachoka mapema.

Nimepekua mtandaoni na ushauri karibu wote ni uleule: tazama muvi, soma kitabu, cheza gemu. Umeandikwa kwa ajili ya kijana mwenye kompyuta mpakato. Wenye wazazi waliosafiri mbali, mliwaandaaje?

Binti Gungu

Hongereni sana kwa mtoto. Ngoja waje wajuzi, nakaa hapa, maana na mimi bibi yangu ana safari ya Kanada mwakani.

Mzigo Guangzhou

Mkuu, mimi hufuata mzigo China. Dar hadi Guangzhou kwa ndege ya moja kwa moja ni takriban saa 10, na wenzangu wengi tunaipitisha kwa usingizi na mahesabu. Nikishakula nafungua daftari, naandika bei za safari iliyopita, nani nimlipe nini, mteja gani aliagiza nini. Nyumbani sipati muda wa kukaa na hesabu zangu bila simu kuita. Juu kule simu haiiti.

Kwa mama, zingatia chaji. Ndege kubwa nyingi zina tundu la USB kitini, kwa hiyo mpe waya, si kichwa cha chaji pekee. Pawabenki haikai kwenye begi linalokwenda chini ya ndege, lazima iwe begi la mkononi, na isizidi wati-saa 100, yaani kama mAh 27,000 kwa betri za kawaida. Mashirika mengine sasa hayataki uitumie ukiwa ndani kabisa, Emirates wameanza hivyo Oktoba 2025. Kwa mtu mzima ningeacha pawabenki nyumbani kumwondolea maswali ya ukaguzi.

Na kila atakachosikiliza kiwe kimeshapakuliwa kwenye simu. Asitegemee intaneti ya ndegeni.

Mstaafu wa Reli

Mwangaluka wote. Niko Tabora, nimefanya kazi reli ya kati hadi kustaafu, na baba yangu pia alikuwa mtu wa reli. Nimeusoma uzi huu mara mbili kwa sababu ya sentensi moja: mama huyu amepanda treni na mzigo wake hadi Dar na kurudi. Basi kijana wangu, mama yako ni msafiri mkubwa kuliko wengi wetu tunaomshauri hapa.

Kutoka Kigoma hadi Dar kwa reli ya zamani ni kilomita 1,250 hivi. Treni ikienda vizuri ni karibu siku mbili, na mara nyingi haikwenda vizuri. Mama yako amekaa saa nyingi kuliko hizo 16, kwenye benchi gumu, hana mhudumu wa kumletea maji, na hakuchanganyikiwa. Kwa nini? Kwa sababu msafiri wa reli hahesabu saa, anahesabu stesheni. Ukitoka Kigoma huwazi Dar. Unawaza Uvinza, utaona wauza chumvi. Ukishapita Uvinza unawaza Nguruka na samaki wa Malagarasi. Halafu Kaliua, halafu Urambo, halafu Tabora, pale unashuka, unanyoosha miguu, unanawa uso, unanunua asali. Baadaye Itigi, Manyoni, Saranda na kuku wake. Kila kituo kina sura yake na kitu cha kukufanya uinuke. Safari ndefu imekatwakatwa vipande unavyoweza kuvibeba.

Ndege haina stesheni. Hilo ndilo linalomwogopesha mama, ingawa hajalisema hivyo. Dirishani ni mawingu, mandhari haibadiliki, na mtu asiye na kipimo huona saa moja kama nne. Kwa hiyo mtengenezee stesheni.

Hivi ndivyo ningefanya. Chukua saa 16, zigawe kwa saa mbili mbili, unapata vipande 8. Kila kipande kipe jina la kituo anachokijua: Uvinza, Nguruka, Kaliua, Tabora, Itigi, Saranda, Dodoma, Morogoro. Houston yenyewe ndiyo Dar es Salaam. Shona au nunua vifuko vidogo 8, kila kimoja kiandike jina kwa kalamu ya wino mnene aone bila miwani. Ndani ya kila kifuko weka kitu cha kufanya, kitu cha kutafuna na kitu cha kumshangaza. Masharti ni kwamba hafungui Nguruka kabla ya kufika Nguruka. Na kila akifika kituo, anasimama, anatembea hadi nyuma ya ndege na kurudi, kama alivyokuwa anashuka kwenye behewa.

Tabora iwe kituo kikubwa. Iko katikati ya safari, na hapo ndipo uchovu unapokaba. Hapo abadilishe soksi, anawe uso, apige mswaki, ajitande khanga nyingine. Mtu aliyenawa uso anaanza safari upya.

Msiuone utaratibu huu kama wa kitoto. Hata kabla ya reli kufika hapa Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, wapagazi wa Kinyamwezi walikwenda pwani na kurudi kwa miguu, miezi, na meno ya tembo mabegani. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walitoka pwani katikati ya mwaka 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora hii, Novemba, na Ujiji wakaifikia Februari 1858. Waliowabebea mizigo walikwenda kambi kwa kambi, kwa nyimbo. Hakuna aliyebeba safari nzima kichwani kwa siku moja.

Binti Gungu

Mzee wangu, shikamoo. Hii ya vifuko naichukua kama ilivyo.

Mtoto wa Kibirizi

Mzee, shikamoo na asante sana. Nimemsomea mama post yako yote kwa sauti. Nilipofika "Saranda na kuku wake" alianza kunihadithia wale wachuuzi wanavyokimbizana na dirisha treni ikiwa inaondoka, na ameendelea hadi chakula cha usiku. Ni mara ya kwanza tangu viza itoke anaizungumzia safari akiwa na furaha.

Sasa nisaidieni vya kuweka ndani ya vifuko. Na je, atajuaje saa mbili zimepita? Akitazama saa yake si itakuwa ya huku?

Nesi Ipuli

Habari zenu. Mimi ni muuguzi, Tabora. Nakubaliana na mzee kwa sababu ya kiafya kabisa, hasa pale aliposema asimame kila kituo.

Mtu akikaa muda mrefu bila kukunja na kukunjua miguu, damu hutembea taratibu kwenye mishipa ya miguuni na inaweza kuganda. Donge likichomoka likaenda kwenye mapafu ni hatari ya maisha. Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wake mwaka 2007: safari ya kukaa saa 4 au zaidi huongeza uwezekano huo mara mbili hivi, iwe ndege, basi, gari au treni. Msiogope, kwa mtu mwenye afya bado ni nadra, kama mmoja kati ya watu 6,000. Ila mama ni mtu mzima na safari yake ni mara nne ya hizo saa 4.

Kwa hiyo akiwa kitini, kila nusu saa azungushe vifundo vya miguu, anyanyue visigino, kisha anyanyue vidole huku visigino vikiwa chini. Msuli wa nyuma ya mguu ndio unaosukuma damu irudi juu. Asiweke begi chini ya kiti cha mbele likambana miguu. Avae viatu vya kulegeza maana miguu huvimba kidogo. Soksi za kubana zinasaidia, lakini ziwe za saizi yake baada ya kupimwa, na daktari aseme kwanza kama mishipa ya miguu yake iko sawa. Aspirini asinywe kwa ushauri wa jirani. Kama amewahi kupata damu kuganda, au kafanyiwa upasuaji karibuni, daktari ajue kabla ya safari.

Maji anywe kidogo kidogo safari nzima. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu sana, unyevu wake mara nyingi haufiki asilimia 20, ndiyo maana midomo hukauka na macho kuwasha. Mpe mafuta ya midomo. Wapo wazee wanaokataa kunywa maji ili wasiende chooni. Mwambie chooni ndiko tunakotaka aende, ndiyo matembezi yenyewe.

Kingine, kwenye ndege hewa hupunguzwa hadi kuwa kama uko mlimani, mita 1,800 hadi 2,400. Ziwa lenu Tanganyika liko mita 770 hivi. Gesi ya tumboni hutanuka huko juu, kwa hiyo usiku wa kuamkia safari maharage na soda aviache.

Vya kutafuna kwenye vifuko: karanga zisizo na chumvi, tende, ubuyu usiotiwa sukari nyingi. Ana presha, msimjazie krispi.

Dawa zote ziwe begi la mkononi, kwenye pakiti zake, na karatasi ya daktari. Siku ya safari asibadilishe saa za dawa kwa kukisia. Mwende kliniki wiki mbili kabla, mpange na daktari ataimeza saa ngapi akiwa njiani na ataanzaje kuhamia saa za kule.

Bongo Texas

Mtoto wa Kibirizi, mimi ni mzaliwa wa Urambo, nipo Texas, nilimleta mama yangu kwa njia hiihii ya Doha.

Suala la saa lipo hivi. Doha na Tanzania saa ni moja, hakuna tofauti. Houston mwezi wa Januari iko nyuma yetu kwa saa 9. Mama yako akiruka Doha saa 2 asubuhi, atatua saa ya Ujiji ikiwa saa 6 usiku, wakati Houston ni saa 9 alasiri. Mwambie saa ya mkononi asiiguse hadi amkumbatie dada yako. Aisome kwa saa za nyumbani: saa 2 asubuhi ameondoka, saa 4 ndiyo Uvinza, saa 6 mchana Nguruka, saa 8 Kaliua, saa 10 jioni Tabora. Rahisi kabisa. Akianza kuchanganya saa za kule kabla hajafika, atapotea.

Na umwandae kwa jambo hili: anakwenda magharibi, jua nalo linakwenda magharibi, kwa hiyo mchana utakuwa mrefu kupita kiasi. Saa yake itasema ni usiku na nje kutakuwa kweupe. Mama yangu hilo lilimtia wasiwasi kuliko mtikisiko wowote. Nusu safari wahudumu hufunga madirisha na kuzima taa watu walale. Basi alale Itigi na Saranda, kitambaa cheusi machoni, khanga mwilini. Akifika, mumzuie kulala hadi walau saa 2 usiku ya Houston. Kuelekea magharibi mwili huzoea upesi kuliko kuelekea mashariki, kazi itakuwa siku za kurudi.

Skrini ya mbele yake ina ramani. Hiyo asipuuze! Mama hakugusa muvi hata moja lakini ramani aliitazama kama taarifa ya habari. Kaa naye kabla ya safari na ramani ya dunia, mwonyeshe kwamba ndege haiendi mstari ulionyooka kama tunavyouona ukutani. Dunia ni duara, njia fupi ya Doha kwenda Texas inapinda kaskazini, na ndege inaweza kupita juu ya Ulaya ya Kaskazini, karibu na Greenland, halafu Kanada, ndipo ishuke Marekani. Mwandikie majina hayo kwa herufi kubwa. Akiona barafu dirishani, atazame ramani ajue kama ni Greenland au Kanada.

Kazuramimba Boy

Ongezea tu kwamba ipo safari ya abiria ndefu kuliko hiyo, Singapore hadi New York, zaidi ya saa 18 na kilomita 15,300 hivi, na watu wanaimaliza. Mpe mama moyo.

Mwalimu wa Nguruka

Kwenye kiti nina neno. Wengi watakwambia mchukulie dirishani aone dunia. Mimi nasema upande wa njia. Ana dawa za presha, baadhi yake humfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara. Akikaa dirishani atalazimika kuwaamsha watu wawili kila akitaka kusimama, na mama zetu walivyo na haya, hataamsha mtu. Atabana mkojo saa kumi.

Bongo Texas

Mwalimu, nakuelewa, lakini dirishani ana pa kuegemea kichwa, hakuna anayemruka wala toroli la chakula kumgonga kiwiko. Mama yangu alikaa dirishani na alifurahi.

Nesi Ipuli

Namuunga mkono Mwalimu. Kwa kijana dirishani sawa. Kwa mwenye presha na umri huo, njiani, na aombewe karibu na choo lakini si kando yake kabisa, maana foleni husimama pale. Barafu ya Greenland anaweza kwenda kuitazama kwenye kidirisha cha mlango wa nyuma akiwa matembezini. Mhudumu humruhusu mtu kusimama pale kama taa ya mikanda haijawaka.

Ustadh wa Kasulu

Assalaam alaykum. Mleta uzi, umesema mama ni mtu wa Ujiji na anasoma Qurani. Basi sehemu kubwa ya muda wake imeshapangika, alhamdulillah.

Yeye ni msafiri, ana ruhusa ya kupunguza sala za rakaa nne kuwa mbili, na kukusanya adhuhuri na alasiri, magharibi na isha. Sala afuate jua la pale alipo, si saa ya Ujiji. Kwa maelezo ya ndugu yetu wa Texas, jua litachelewa kuzama, basi magharibi nayo itachelewa, inawezekana akaisali akiwa ameshatua. Hilo mwelezeni mapema, kwani saa yake itamwambia ni usiku na moyo utamsumbua kwamba amepitwa. Mashirika mengi ya Ghuba huonyesha upande wa Makka kwenye ramani ya skrini. Akipata nafasi ya kusimama nyuma kwa ruhusa ya mhudumu, vizuri. Asipopata, asali kitini. Udhu kwenye choo kile kidogo ni shida, mpeni chupa ndogo ya kupulizia, isizidi mililita 100 ili ipite ukaguzi. Atailoweshea viungo bila kumwaga maji sakafuni.

Tasbihi aiweke mfukoni, si kwenye begi la juu.

Mtoto wa Kibirizi

Ustadh, waalaykum salaam, hilo la magharibi hatukuliwaza kabisa, na kweli lingemsumbua. Asante.

Kiti nimeamua njiani. Nesi amenishawishi.

Kuhusu kazi ya mikono: mama anafuma kwa kroshia, vitambaa vya makochi vya nyumba hii vyote ni mkono wake. Naweza kumwekea uzi na sindano amfumie mjukuu kofia? Au watamnyang'anya uwanjani?

Fundi Mwanga

Hapo ndipo pazuri pa uzi huu wote! Mpe kofia. Mimi nafuma kwa biashara hapa Mwanga, na hakuna kinachokula muda kama kofia ya mtoto mchanga, kwa sababu unahesabu vishimo, na mtu anayehesabu vishimo haangalii saa. Tena anafuma kwa ajili ya yule anayemwendea. Kila mstari unamsogeza karibu naye.

Sindano ya kroshia ichague ya plastiki au ya mti, butu, isiwe chuma. Marekani wanaruhusu sindano za kufuma ndani ya ndege, lakini atapita ukaguzi Kigoma, Dar na Doha, na kila mahali neno la mwisho ni la ofisa aliyesimama pale. Kwa hiyo aanze kofia nyumbani, mistari michache, ili anayekagua aone mara moja ni kitu gani. Sindano iwe ya bei ndogo isiyomuumiza moyo ikichukuliwa. Mkasi asibebe kabisa. Nyuzi azikate na kuzikunja mapema, rangi moja au mbili kwa kila kifuko: Uvinza nyeupe na njano, Nguruka kijani, na kuendelea. Hapo atalazimika kufika Kaliua ili apate rangi inayofuata. Uzi uwe pamba laini, sufu inawasha ngozi ya mtoto na Houston si baridi kama wanavyodhani watu.

Mstaafu wa Reli

Fundi, umeniongezea jambo sikuwa nalo. Rangi zimalizikie Morogoro, mistari ya mwisho aiache aifunge akiwa na mtoto mapajani, ili apime kichwa kwanza.

Bongo Texas

Naongeza cha kumshangaza ndani ya kila kifuko. Sisi tulirekodi sauti. Kila ndugu alirekodi dakika kumi hivi: mjomba alisimulia jinsi walivyovuka Malagarasi wakiwa watoto, wajukuu walitega vitendawili bila kutoa jibu, jibu likawa kwenye sauti ya kituo kinachofuata. Shangazi mmoja aliimba nyimbo za harusi yao. Faili zote tuliziweka kwenye simu kwa namba, 1 hadi 8, na simu ikawekwa kwenye hali ya ndege. Iyafoni za waya ni bora kuliko zile za bluetooth kwa mtu asiyezizoea, hazina chaji ya kuisha wala kudondoka chini ya kiti.

Mama yangu hadi leo anasikiliza zile sauti. Mmoja wa waliorekodi ameshatangulia mbele za haki.

Binti Gungu

Pole sana kaka. Na asante. Hili naanza nalo kesho, bibi yangu ana dada yake Heru Juu ambaye miguu haimruhusu tena kuja mjini.

Mwalimu wa Nguruka

Lugha msiisahau. Mtu asiyeweza kuomba maji hujikunyata, na saa zinakuwa nzito mara mbili. Mwandikie kadi ndogo, upande mmoja Kiswahili, upande wa pili Kiingereza: naomba maji, choo kiko wapi, nasikia baridi naomba blanketi, sijisikii vizuri, nina presha, naomba mtu anayejua Kiswahili. Azifunge kwa uzi na kuzivaa shingoni. Kadi ya kwanza iwe na jina lake, namba za ndege zake zote na namba ya simu ya dada yako.

Mkikata tiketi mnaweza kuomba msaada wa kiti cha magurudumu hata kama anatembea vizuri. Mtu wa uwanja humpokea mlangoni mwa ndege Doha na kumfikisha mlango wa ndege inayofuata. Kama tiketi imeshakatwa, pigieni shirika, wanaweza kuongeza. Na chakula maalumu kama cha wagonjwa kiagizwe mapema, angalau siku moja kabla.

Mzigo Guangzhou

Masikio pia. Ndege ikianza kushuka asiwe amelala. Aamshwe mapema, atafune bigijii au ameze mate mara kwa mara. Ikikataa, abane pua, afunge mdomo, apulize taratibu. Maumivu ya masikio wakati wa kushuka yameharibia watu safari iliyokuwa nzuri mwanzo mwisho.

Kazuramimba Boy

Mkuu, asali ya Tabora na mawese anaweza kupeleka?

Bongo Texas

Vyote viwili ni vimiminika, vikizidi mililita 100 begi la mkononi havipiti, viende begi kubwa, vimefungwa nailoni juu ya nailoni. Nyama asibebe kabisa. Chochote cha kula akiseme kwa ofisa wa Marekani, na dagaa naye amtaje, asifiche. Lakini turudi kwenye mada, hili lina uzi wake.

Mtoto wa Kibirizi

Wakuu, naandika tulipofikia ili mwenye la kuongeza aongeze kabla hatujafunga mabegi.

Vifuko 8 mama ameshavishona mwenyewe kwa vipande vya khanga, kila kimoja rangi yake, na majina ameyaandika yeye. Morogoro ameikataa, anasema yeye Morogoro alikuwa analala, kwa hiyo kituo cha nane kinaitwa Kilosa. Tabora tumeweka soksi, mswaki na khanga mpya ambayo hajaiona. Sauti tumerekodi tano, nasubiri za ndugu wa Uvinza na Kasulu. Ramani ya dunia tumeibandika ukutani na kila jioni mama anafuata njia kwa kidole, na sasa ananirekebisha mimi. Kliniki ni Jumanne. Kadi za shingoni ameniandikia binti yangu wa darasa la sita.

Kimebaki kitu kimoja. Jana aliniuliza: akimaliza kofia kabla ya Dodoma, atafanya nini? Anafuma haraka sana.

Fundi Mwanga

Basi kofia haimtoshi huyo. Mpe soksi za mtoto pia, jozi mbili, kisigino cha soksi kinamtaka mtu atulie. Akimaliza na hizo aanze kitambaa cha kumbebea mtoto, hicho hata Texas hatakimaliza wiki ya kwanza. Njoo nacho kipimo cha begi lake la mkononi nikukatie nyuzi zinazotosha, nipo kuanzia saa 3 asubuhi, na umlete mama mwenyewe achague rangi.